Nyavu za oveni, matundu ya hewa na keki inayoiva sawa: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ninaoka nyumbani Arusha, upande wa Sakina, na Jumamosi nafundisha kinadada watatu wanne jikoni kwangu. Maswali haya yametoka kwao, kwa wateja, na kwa majirani wanaobisha hodi wakiwa na keki mkononi imeungua upande mmoja. Wengi wanakuja wakiilaumu resipi. Nikienda kuitazama oveni yenyewe nakuta wavu umewekwa juu mno, au trei imeziba hewa kama godoro mlangoni.

Hapa nikisema wavu namaanisha ile rafu ya nondo nyembamba inayoteleza kwenye reli za pembeni. Wengine wanaiita waya, wengine shelfu. Reli nazihesabu kutoka chini: ngazi ya kwanza ndiyo ya chini kabisa.

Keki yangu inaungua upande mmoja na upande wa pili bado mbichi. Oveni ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu. Hakuna oveni ya nyumbani yenye joto sawa kila kona. Hewa ya moto hupanda, inagonga dari, inateremka pembeni ikiwa imepoa kidogo, kisha inazunguka tena. Ikikuta njia, inapita pande zote za keki. Ikikuta chombo kimebanana na ukuta, inakwama, na upande ule unapata joto la ukuta wenyewe, ambalo ni kali zaidi. Ndiyo maana keki huungua kule ilikosogea karibu na bati.

Anza na jambo dogo: acha nafasi ya vidole vitatu kila upande wa chombo, na mbele pia, karibu na kioo cha mlango. Chombo kikiwa kikubwa hadi vidole haviingii, basi kwa oveni hiyo ni kikubwa mno. Oka mbili ndogo.

Nitajuaje kona ipi ya oveni yangu ina moto zaidi?

Nunua mkate wa slesi. Hili ndilo somo langu la kwanza kila Jumamosi, na mwenye oveni mpya namwambia asipike chochote kabla ya kulifanya.

Washa oveni nyuzi 180 na uiache ipate moto kwa dakika 20. Weka wavu ngazi ya katikati. Panga slesi juu ya wavu wenyewe, bila trei, zikae karibu karibu mpaka wavu ujae. Yangu ni ya mezani, lita 45, inaingia slesi sita: tatu nyuma, tatu mbele. Funga mlango, chungulia kwenye kioo, na slesi ya kwanza ikianza kuwa rangi ya chai ya rangi, zitoe zote kwa pamoja na uzipange mezani kwa mpangilio uleule zilivyokaa ndani.

Yangu ilinipa picha hii: nyuma kushoto, kahawia iliyokolea kama kahawa ya Kibosho, nyuma katikati, kahawia nzuri, nyuma kulia, sawa na ile ya katikati. Mbele zote tatu zilikuwa na rangi ya uji, na ile ya kulia ilikuwa bado laini kabisa, ungeweza kuirudisha kwenye mfuko. Nikageuza slesi moja moja: chini zote zilikuwa zimekauka sawa. Maana yake koili ya chini inafanya kazi vizuri, ila koili ya juu ina joto zaidi nyuma kushoto, na mlango unapoteza joto mbele kulia.

Picha hiyo nimeichora kwa kalamu kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Miaka miwili sasa, keki yoyote ikifika theluthi mbili ya muda wake naigeuza, ya nyuma ije mbele. Slesi zenyewe tulizinywea chai, hakuna kilichopotea. Rudia jaribio na wavu ukiwa ngazi ya chini na ya juu, utaona kila ngazi ina ramani yake.

Wavu niuweke ngazi ipi?

Watu wanajibu "katikati" halafu wanaishia hapo. Kinachotakiwa kukaa katikati ya oveni ni keki. Wavu unafuata. Chombo kina kimo chake, na keki itainuka juu ya ukingo. Ukiweka chombo cha sentimita 8 kwenye wavu ulio katikati kabisa, kichwa cha keki kinakaribia koili ya juu. Juu inajikaza mapema, katikati bado inataka kuinuka, na matokeo yake unayajua: kilima kimepasuka kama ardhi ya kiangazi.

Kwa hiyo jaribu oveni ikiwa baridi. Weka chombo kitupu kwenye wavu, kisha fikiria keki imeshainuka. Je, nafasi juu yake na nafasi chini yake zinakaribiana? Kama juu kumebana, shusha ngazi moja. Kwa keki ndefu za sherehe na mkate wa chombo kirefu mimi natumia ngazi ya pili kutoka chini. Keki nyembamba za trei, biskuti na keki za vikombe zinakaa katikati. Piza na mkate unaotaka kitako kikavu naviweka chini kabisa. Ngazi ya juu naigusa dakika za mwisho tu, ninapotaka jibini au sukari ishike rangi, na hapo sibanduki mlangoni hata simu ikiita.

Panga nyavu kabla ya kuwasha. Nimeona mtu akihamisha wavu wa nyuzi 200 kwa kanga, kanga ikashika moto pindoni.

Skonzi zangu chini nyeusi, juu nyeupe. Niongeze moto?

Usiongeze. Ziko karibu mno na koili ya chini. Panda ngazi moja. Kama bado, weka trei ya pili tupu chini ya ile yenye skonzi, zishikane. Hewa ndogo iliyobaki kati ya trei mbili inapunguza ukali.

Tazama na rangi ya trei. Trei nyeusi inanyonya joto, ile ya kung'aa inalirudisha. Ukibadilisha kutoka trei ya kung'aa kwenda nyeusi bila kupunguza moto hata nyuzi 10 au 15, kitako kitakusimulia.

Naweza kuoka trei mbili kwa wakati mmoja?

Mwezi wa kumi na mbili swali hili naulizwa hata barabarani. Watu wanapanda kwenda nyumbani Rombo, Machame, Marangu, na kila mtu anataka biskuti za kubeba. Jibu ni ndiyo kama oveni ina feni, na ndiyo kwa shingo upande kama haina.

Bila feni, trei ya chini inakuwa kama dari kwa joto linalotoka chini, na trei ya juu inakuwa mwavuli wa ile ya chini. Ukilazimika, acha ngazi moja au mbili wazi kati yake, na zisikae moja juu ya nyingine sawasawa: moja isogee kushoto, nyingine kulia, hewa ipate uchochoro. Tumia trei zinazoacha upenyo pembeni, usitumie ile sinia ya chuma iliyokuja na oveni na kujaa ukuta hadi ukuta. Hiyo ikikaa katikati inaigawa oveni vyumba viwili, cha chini kinawaka na cha juu kina baridi. Biskuti zikifika nusu ya muda, badilisha: ya juu ishuke, ya chini ipande, na zote zigeuke mbele nyuma. Ongeza dakika chache, maana chakula kingi kinakula joto jingi.

Keki sibadilishi namna hiyo. Keki mbili naziweka wavu mmoja, ubavu kwa ubavu, vidole vitatu kati yake. Haziingii? Ya pili inasubiri, na unga wake nauchanganya ile ya kwanza ikikaribia kutoka.

Yale matundu nyuma au juu ya oveni ni ya nini? Nikiyaziba si nitaokoa umeme?

Usiyazibe. Mchanganyiko wa keki una maziwa na mayai, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ni maji. Yakipata moto yanageuka mvuke, na mvuke usipotoka oveni inakuwa sufuria ya kupikia ndizi. Keki inaiva ndani lakini juu inabaki imepauka, inanata, na ikipoa ngozi yake inabandukia kwenye kidole. Tundu linatoa mvuke huo polepole, hewa kavu inaingia, rangi inakuja.

Naongea kwa uzoefu. Sisi kinamama tuna ugonjwa wa kuvika vitambaa: kochi, redio, friji, hata televisheni. Oveni yangu ya kwanza niliifumia kitambaa cheupe chenye maua, kikaning'inia mpaka nyuma. Wiki tatu nzima keki zangu zilikuwa na sura ya mgonjwa. Nikabadilisha unga, nikabadilisha mayai, nikamgombeza muuza majarini. Siku niliyokitoa kitambaa ili nikifue, keki ikatoka kahawia. Nyuma ya kitambaa palikuwa na alama ya njano, mistari sita, saizi ileile ya matundu. Sikukirudisha tena.

Oveni ya mezani isogeze kutoka ukutani, sentimita 10 nyuma na pembeni, na juu yake usiweke kitu. Kwenye jiko la kusimama, moshi na mvuke wa oveni mara nyingi hutokea nyuma, karibu na plate za nyuma. Sufuria kubwa ikikaa pale siku nzima inaziba. Kwa oveni ya gesi jambo ni zito zaidi. Moto wa gesi unahitaji hewa safi kuingia chini na hewa chafu kutoka. Ukiziba, mwali unageuka njano, masizi yanajaa, na hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, inaanza kutoka. Haina harufu wala rangi. Mwali mzuri ni wa bluu.

Natandika foili chini ya oveni ili isichafuke. Kuna ubaya?

Upo. Kwenye oveni ya gesi foili inafunika matundu ya sakafuni ambamo joto hupanda. Kwenye ya umeme inarudisha joto juu kwa nguvu, kitako cha keki kinaungua, na foili inaweza kushikana na rangi ya ndani ya oveni usiibandue tena. Kufunika wavu mzima kwa foili ni vibaya vilevile. Umeshaugeuza kuwa ukuta.

Ukiogopa kumwagika, weka trei ndogo ngazi ya chini, ndogo kiasi kwamba hewa inaizunguka. Foili kipande juu ya keki inayokimbilia rangi, hiyo ruksa, mradi unailaza tu bila kuibana.

Oveni yangu ina alama ya feni. Niitumie?

Feni inasukuma hewa, kwa hiyo tofauti ya ngazi kwa ngazi inapungua na chakula kinaiva haraka. Punguza nyuzi 20 kutoka kwenye resipi: 180 iwe 160. Kwa biskuti na trei mbili itumie bila kufikiri. Kwa keki laini ya mayai mengi mimi naizima, kwa sababu upepo unaweza kukausha ngozi ya juu kabla haijamaliza kuinuka, na keki za vikombe huwa zinaegemea upande upepo unakoelekea kama mikorosho ya baharini.

Na kwenye feni usizibe nyuma. Trei ikigusa ukuta wa nyuma, feni inazunguka bure.

Taa ya joto ikizima ndiyo niingize keki?

Subiri dakika 10 zaidi. Taa inasema hewa imefika, lakini kuta na nyavu bado. Ukifungua mlango hewa yote ya moto inatoka, na kama kuta hazijapata moto hakuna cha kuirudisha.

Nimefungua mlango kuchungulia, keki ikashuka katikati. Kwa nini?

Keki inashikiliwa na mapovu mpaka unga na mayai vikaze. Joto likishuka ghafla kabla ya hapo, mapovu yanajikunja na keki nayo inakaa chini. Usifungue kabla ya theluthi mbili ya muda kupita. Keki ya dakika 45, mara ya kwanza ni dakika ya 30. Ukifunga, funga taratibu. Nina mwanafunzi anayefunga oveni kama mlango wa daladala.

Keki inainama, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, lakini rangi ni sawa. Hiyo nayo ni hewa?

Hapana, hiyo ni sakafu. Nilipata keki ya kipaimara, tabaka tatu, na kila tabaka lilitoka limelala kushoto. Nikazipanga kwa kuzipishanisha, nikajaza krimu pengo, nikapeleka nikiwa na jasho. Mama wa mtoto akasema "imependeza", lakini mjomba mmoja alikuwa ameinamisha kichwa anaitazama, na mimi nikajua kwa nini.

Kesho yake fundi aliyekuja kurekebisha bomba alikuwa na pima maji. Nikaiazima, nikaiweka juu ya wavu: kiputo kimekimbilia upande. Mguu mmoja wa meza ulikuwa umezama kwenye sakafu iliyobonyea. Kipande cha mbao kikamaliza kesi. Kama huna pima maji, weka trei kwenye wavu, mimina maji kidogo, uone yanakimbilia wapi. Pima wavu wenyewe, maana unaweza kukuta meza imenyooka ila reli imepinda.

Resipi ya shangazi yangu wa Dar haikubali huku Arusha. Ni oveni?

Ni mlima, kidogo. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Dar iko ufukweni. Huku hewa ni nyepesi, kanieneo yake, yaani mgandamizo wa hewa, ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mapovu ya beking pauda yanavimba zaidi na haraka zaidi, keki inapanda kwa kishindo kabla haijakaza, kisha inazama.

Kwa kila kijiko cha chai cha beking pauda, toa kama moja ya nane. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya mezani vya maziwa kwa kila kikombe cha maziwa ulichotia, kwa sababu huku maji yanakauka upesi. Ongeza moto nyuzi 10 ili keki ikaze mapema. Hapo sasa ndipo wavu unapoingia: ukiongeza moto, juu itawahi rangi, kwa hiyo shusha wavu ngazi moja. Wengi wanafuata yote ya kwanza wanasahau hili la mwisho.

Moshi mjini iko chini ya mita 1,000, na dada yangu aliye kule anatumia resipi ya pwani karibu kama ilivyo. Ukipanda Marangu unarudi kwenye mambo ya Arusha. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Arusha ikishika, tatizo la mikate si hewa nyepesi tena, ni hamira kulala. Naumulia unga ndani ya oveni iliyozimwa, na kikombe cha maji ya moto ngazi ya chini.

Jioni oveni yangu inachelewa sana. Mchana iko sawa.

Umeme umepungua nguvu. Unatakiwa uwe volti 230. Ukishuka hadi 200, koili ya wati 2,000 inatoa kama 1,500 tu, maana nguvu hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe. Kipimo cha oveni bado kitajitahidi kufika 180, lakini kitachelewa, na ukifungua mlango kitachelewa tena kurudi. Pasha moto nusu saa badala ya dakika 20, oka trei moja, na usichungulie. Mimi keki za oda naoka saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini. Kuhusu LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla, usiogope sana: oveni ya wati 1,500 haiwezi kula zaidi ya uniti moja na nusu kwa saa, na ikishapata moto koili zinazima na kuwaka, inakula pungufu ya hapo.

Umeme ukikatika keki ikiwa ndani?

Usifungue. Kama ilikuwa imeshakaza, theluthi mbili na kuendelea, joto la kuta linaweza kuimalizia. Ipe dakika 20 halafu choma kijiti. Kama ilikuwa bado uji, nina jiko la mkaa karibu na sufuria tayari.

Niko na oveni ya mkaa. Hayo ya nyavu na matundu yananihusu?

Yanakuhusu kuliko wote, kwa sababu wewe huna kitufe cha nyuzi. Kitufe chako ni tundu.

Tundu la chini linaleta hewa kwa mkaa. Ukilifungua, mkaa unawaka na joto linapanda. Ukilifunga nusu, unatulia. Tundu la juu linatoa moshi na mvuke. Kosa ninaloliona ni mtu kufunga yote mawili akitaka kuhifadhi joto. Mkaa unakosa pumzi, unazima taratibu, na keki inabaki inachemka kwenye mvuke wake. Acha la juu wazi kidogo muda wote, na ucheze na la chini.

Usiingize keki mkaa ukiwa bado na ndimi za moto. Subiri ushike majivu meupe juu. Sambaza makaa, usiyarundike katikati, vinginevyo kitako cha keki kitakuwa na duara jeusi saizi ya rundo. Oveni yenye trei ya mkaa juu na chini ni nzuri zaidi: theluthi mbili ya makaa weka juu, theluthi moja chini. Chini joto linapanda lenyewe, halihitaji msaada. Kanuni hiyo inafaa pia kwa anayeoka kwenye sufuria juu ya jiko na mfuniko wenye makaa. Kwa sufuria tandika mawe madogo au mchanga mkavu ndani, weka kistendi, chombo kisiguse kitako wala kuta. Kistendi hicho ndicho wavu wako.

Pima joto kwa kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza, au kwa unga: nyunyiza kijiko kwenye trei, dakika tano. Ukiwa kahawia ya dhahabu, keki inaweza kuingia. Ukiwa mweusi, funga tundu la chini usubiri.

Na oka nje, au barazani. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi ya Ngaramtoni iwe kali vipi, unaua watu wakiwa usingizini.

Nataka fundi anichomelee oveni. Nimwambie nini?

Mafundi wa kuchomelea Arusha na Moshi ni wazuri, lakini wengi watakutengenezea sanduku zuri bila kuuliza hewa itapita wapi. Mwambie mwenyewe.

Reli ziwe nne au tano kila upande, zikipishana sentimita 7 au 8, zipimwe kwa pima maji kabla ya kuchomelewa. Wavu uwe wa nondo, usiwe bati zima, na uwe mfupi kuliko kina cha oveni, upungue sentimita tatu nyuma na tatu mbele. Kuta ziwe mbili, katikati yake majivu makavu yaliyoshindiliwa, joto lisikimbie. Tundu la chini liwe na kilango cha kuteleza, la juu vilevile. Mkaa uingie kwa mlango wake pembeni, usilazimike kufungua chumba cha keki kila unapoongeza.

Ndani asitumie bati la kuezekea wala chuma chochote kilichopakwa zinki. Kikipata moto mkali kinatoa moshi wenye madhara. Wala asipake rangi ndani. Mara ya kwanza iwashe saa nzima ikiwa tupu, milango wazi, nje ya nyumba.

Mlango wangu unavuja joto, nitajuaje?

Bana karatasi kwenye mlango, vuta. Ikiteleza bila kushika, raba imechoka au bawaba zimelegea. Jaribu kila upande. Kwangu ni kona ya chini kulia, ileile iliyonipa slesi nyeupe. Raba mpya niliipata kwa fundi wa majiko, nikaifunga mwenyewe kwa bisibisi, na slesi ya kona ile sasa inashika rangi, ingawa bado ni ya mwisho.